Barua ya wazi kwa Bodi: kosa la watu tisa mmemvisha karani mmoja

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,

Waheshimiwa,

YAH: KUFUKUZWA KAZI KWA KARANI WA MADAI

Salamu kwenu. Nimekuwa mtumishi wa kampuni hii ya bima kwa miaka 11, sita ya mwisho nikiwa mkuu wa kitengo cha madai. Siandiki kwa hasira. Hasira ilikwisha mwezi wa kwanza. Nilianza kwa kuonana na mkuu wa utumishi, akaniambia niandike. Nikaandika. Nikapeleka barua ya pili kwa Kamati ya Maadili, ya tatu kwa Katibu wa Bodi. Nina majibu matatu mkononi, na yote yana sentensi ile ile: "Suala lako limepokelewa na linashughulikiwa." Limepokelewa na nani, linashughulikiwa na nani, hayasemi. Na kwa kuwa swali langu lenyewe ndilo hilo la "na nani", nimeona nilitoe hadharani. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe mnajijua, na kama kuna wa kampuni nyingine atakayesoma akadhani namsema yeye, basi ana sababu zake.

Kisa chenyewe mnakijua kwa taarifa ya ukurasa mmoja. Mimi nimelisoma faili lote. Mjane alileta madai ya bima ya maisha ya marehemu mumewe. Faili lilikuwa limekamilika tangu siku ya kwanza: cheti cha kifo, hati ya bima, kitambulisho, barua ya msimamizi wa mirathi. Hata hivyo lilirudishwa mara tatu, kila mara kwa muhuri mwekundu wa NYARAKA PUNGUFU, na kila mara tukidai nakala ya kitu ambacho tayari kilikuwa kimebanwa kwa pini humo humo ndani. Mara ya tatu muhuri ulipigwa juu ya cheti cha kifo chenyewe. Umekaa upande, na herufi za mwisho zimefifia, kidau cha wino kilikuwa kinakauka. Mara ya nne mjane hakuja kwetu. Alikwenda kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Wiki mbili baadaye mkatoa taarifa kwa umma kwamba "mfanyakazi mmoja aliyekwenda kinyume na maadili ya kampuni amechukuliwa hatua". Karani aliyeshika ule muhuri, mwenye miaka miwili kazini, alifungasha vitu vyake kwenye boksi la karatasi za printa na kusindikizwa na mlinzi hadi getini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uamuzi ulikuwa wetu, adhabu ikawa yake.

Muhuri ule haukuanzia mkononi mwa karani. Ulianzia ghorofa ya tatu, chumba cha mikutano, tukiwa watu tisa. Ukutani palikuwa na grafu: mstari wa madai yanayolipwa unapanda, na chini yake mstari wa nukta unaoonyesha mahali ambapo Bodi ilitaka ushukie ifikapo mwisho wa robo ya mwaka. Mwenzetu mmoja akapendekeza kwamba madai yote yaliyo chini ya kiwango fulani yarudishwe mara moja tu kabla hata ya kusomwa, kwa sababu, alisema, uzoefu unaonyesha kuna wateja hawarudi tena. Hakusema tuwachoshe watu. Alisema "tuongeze umakini katika uhakiki". Mwenyekiti wa kikao akauliza, "Wenzangu, mnaonaje?"

Nakumbuka feni ya projekta ikivuma. Nakumbuka nilifungua kifuniko cha kalamu yangu, nikakifunga, nikakifungua tena. Neno nilikuwa nalo. Nilimsubiri mwenye cheo kunizidi aanze, na sasa nadhani yeye alikuwa ananisubiri mimi, kwa kuwa kitengo ni changu. "Basi tumekubaliana," akasema mwenyekiti, tukafungua ukurasa unaofuata.

Kanuni ilisema kurudisha mara moja. Kilichofanya zikawa mara tatu ni ule ubao wa kila wiki: jina la karani, idadi ya mafaili aliyofunga. Faili lililorudishwa lilihesabiwa kuwa limefungwa. Karani aliyelipa upesi aliitwa ajieleze. Aliyerudisha faili moja mara tatu alijipatia alama tatu. Ubao huo niliubandika mimi, kwa mkono wangu, nikatumia na rula ili ukae sawa.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo tangu siku ya kikao kile silisahau. Waliwaketisha watu chumbani wajaze dodoso, kisha wakaanza kupenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara nyingi alinyanyuka kwenda kutoa taarifa: 75 katika kila 100. Aliyewekwa pamoja na watu wawili walioagizwa wajifanye hawaoni chochote, ni 10 tu katika kila 100. Waliobaki waliendelea kujaza dodoso huku wakikohoa na kuupunga moshi usoni. Penye wazee, tunaambiwa, hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wazee tisa, na neno liliharibika kwa sababu kila mmoja aliwatazama wenzake wanane akawaona wametulia.

Ndiyo maana nakataa kuambiwa kwamba huu ulikuwa ukosefu wa maadili wa mtu mmoja. Mnakumbuka Herald of Free Enterprise, ile meli ya Uingereza ya kuvusha abiria na magari? Tarehe 6 Machi 1987 iling'oa nanga katika bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, meli ikapinduka ndani ya dakika chache, wakafa watu 193. Aliyepaswa kufunga milango, msaidizi wa serahangi (msimamizi wa mabaharia), alikuwa amelala chumbani mwake. Serahangi mwenyewe alikuwa sitahani na aliiona milango i wazi, lakini hakuifunga. Kuifunga haikuwa kazi yake. Ofisa aliyepaswa kuhakikisha imefungwa aliondoka akiamini kuna mtu anakuja kuifunga. Nahodha, kule juu kwenye usukani, hakuwa na hata taa ya kumwonyesha. Na taa hiyo manahodha wa kampuni walikuwa wameiomba zamani. Wakubwa wa nchi kavu wakaona ni ombi la mzaha. Ukitafuta wa kumlaumu utampata haraka: yule aliyelala. Uchunguzi rasmi haukuishia kwake. Ulisema uzembe ulikuwa umeienea kampuni kuanzia juu hadi chini.

Lakini sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo penye somo kwetu. Kampuni iliposhtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kesi ilianguka mwaka 1990, kwa sababu sheria ya Uingereza ya wakati ule ilitaka apatikane kiongozi mmoja wa juu ambaye kosa lake peke yake linatosha kuitwa kosa la kampuni. Hakupatikana. Makosa yalikuwa mengi, ila yamegawanyika vipande vidogo vidogo mno. Ilichukua hadi mwaka 2007 kwa Bunge lao kupitisha sheria inayoangalia jinsi kazi nzima ilivyopangwa na kusimamiwa, badala ya kusaka kichwa kimoja. Nyinyi mnaongoza kana kwamba bado tuko mwaka 1990: palipo na makosa mengi madogo hamwoni kosa, mnaona tu mkono wa mwisho ulioshika muhuri.

2. "Samaki mmoja akioza."

Methali hii ilitamkwa na mmoja wenu kwenye mkutano wa wafanyakazi, siku mbili baada ya karani kuondoka. Iliwahi kutumika hivyo kwingine. Septemba 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa kuwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba, na ikaeleza kwamba katika miaka kama mitano ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 kwa sababu hiyo. Samaki 5,300! Hapo hata mtoto angeuliza habari za maji waliyokuwa wakiogelea. Malengo ya mauzo yaliyowabana makarani wale yalipangwa juu, na mwaka 2020 mkuu wa zamani wa benki hiyo alikubali kulipa faini ya dola milioni 17.5 na kupigwa marufuku kufanya kazi ya benki. Zaidi ya miaka mitatu ilipita kati ya kutangazwa kwa kufukuzwa kwa makarani na mkubwa wao kutozwa faini.

Sisemi karani wetu hana lake. Alijua kusoma, aliona cheti kipo. Ningekuwa namtetea kwa uongo kama ningesema hakuwa na la kujibu, naye mwenyewe aliponipigia simu hakusema hivyo. Alisema, "Bosi, nilijua. Ila nilidhani nyinyi mnajua zaidi." Sentensi hiyo naomba mkae nayo kidogo.

3. Mihtasari yetu haina watu ndani.

Nendeni mkausome muhtasari wa kikao kile. Umejaa "ilikubaliwa", "ilionekana vyema", "iliagizwa". Kiswahili chetu kimebarikiwa kijisilabi cha kutendwa, ukikichomeka kwenye kitenzi mtendaji anatoweka. Sasa linganisheni na barua ya kumfukuza karani: "Wewe ulipiga muhuri. Wewe ulishindwa. Wewe ulikiuka." Jambo likiwa linapangwa huwa halina mwenyewe, likiharibika linapata mwenyewe, jina la kwanza, la pili na namba ya ajira. Faida ya robo ile, kwa bahati, nayo ilipata wenyewe: picha ya menejimenti kwenye jarida la kampuni. Nami nimo, safu ya nyuma.

4. Fomu ya maadili inafunga upande mmoja tu.

Kila Januari tunatia saini karatasi isemayo "Mimi binafsi ninawajibika kwa kila tendo langu kazini." Sina ugomvi na maneno hayo. Ila karatasi nzima haina mahali kampuni inapoahidi chochote: karani akikataa agizo analoona si haki, atalindwa na nani? Akipunguza kasi ili asome faili sawasawa, ubao wa wiki utamhesabu vipi? Kumwambia mtu awe jasiri peke yake, ndani ya utaratibu mliouunda ili asiwe jasiri, ni kumtega.

5. Na mteja naye tumemtupia mpira.

Taarifa yenu iliwakumbusha wateja "kuhakikisha nyaraka zao zimekamilika". Za mjane zilikuwa zimekamilika! Mchezo huu una historia. Mwaka 1953 makampuni ya vinywaji na ya vifungashio ya Marekani yalishiriki kuanzisha shirika la Keep America Beautiful, likawafundisha raia kwamba uchafu ni tabia mbaya ya mtu anayetupa chupa. Ni kweli, chupa usiitupe. Lakini ni makampuni hayo hayo yaliyokuwa yakiachana na chupa za kurudisha dukani na kuleta za kutumia mara moja na kutupa. Ukimshughulisha mtu na dhambi yake ndogo, hapati muda wa kutazama yako.

Waheshimiwa, najua mtakayonijibu, kwa kuwa mengine nimewahi kuyajibu mimi mwenyewe nikiwa upande wenu wa meza.

Mtasema karani angeweza kukataa. Angeweza. Nami ningeweza, na mshahara wangu ni mkubwa kuliko wake, na mlango wa Mkurugenzi Mtendaji nilikuwa naugonga bila miadi. Kama wajibu wa kukataa unakua kadiri mtu anavyopanda cheo, na sioni ni kwa hoja gani ungepungua, basi kwenye foleni ya wenye kujibu yeye ni wa mwisho.

Mtasema hakuna sheria iliyovunjwa, kwamba kuomba nyaraka tena ni haki ya kampuni. Sawa. Kwa nini basi yeye amefukuzwa?

Mtasema Bodi haiingilii uendeshaji wa kila siku. Ule mstari wa nukta kwenye grafu uliwekwa na Bodi. Hamkusema tuufikie kwa njia gani, na mlikuwa waangalifu sana kutouliza. Usiku wa kuamkia Januari 28, 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kurushia chombo cha anga cha Marekani, Challenger, walishauri kisirushwe, kwa sababu baridi ingedhoofisha mipira ya kuzibia maungio. Kiongozi mmoja wa kampuni akamwambia mhandisi mkuu avue kofia ya uhandisi avae ya menejimenti. Ushauri ukageuzwa, na asubuhi wakafa wanaanga saba. Hakuna aliyeamuru watu wafe. Walichoambiwa ni ratiba tu, na ratiba ikajisemea yenyewe.

Kuna jibu jingine ambalo ni tamu zaidi, nalo naliogopa kuliko yote: "Sote tunawajibika." Mmoja wenu mwema aliniambia hivyo kwenye lifti, akanishika bega. Wajibu wa "sote" ukiachwa hivyo hivyo, kila mtu atateremka kwenye ghorofa yake na lifti itabaki tupu. Nafikiri tunachanganya vitu viwili. Hatia ni ya mtu, na kila mmoja ana kipimo chake: aliyependekeza, aliyenyamaza, aliyebandika ubao, aliyepiga muhuri. Hatuwezi kuichangia kama mchango wa harusi. Deni ni kitu kingine. Deni kwa mjane yule na kwa wengine ambao mafaili yao yalirudishwa wakakata tamaa ni la kampuni nzima, hata kwa wajumbe wawili mlioingia Bodini mwaka huu na hamkuwepo. Mwana hurithi shamba pamoja na deni la shamba. Hawezi kuchukua mavuno akamwambia mdai kwamba aliyekopa ni marehemu.

Na mimi je? Wenzangu wamekwisha kuniuliza kwa nini nimengoja hadi mtu akafukuzwa. Sina jibu zuri. Niliporudi mezani kwangu baada ya kikao kile nilijiambia kwamba nikibaki ndani nitaweza kuupunguza makali mpango ule. Sikuupunguza. Kuna jioni nilikuta karani yule amebaki peke yake, anapekua faili moja kwa mara ya pili, nikamwambia aende nyumbani, kesho ni siku ya kuhesabu. Nilidhani namhurumia.

Ninayoyaomba:

(a) Shauri la karani lifunguliwe upya, na safari hii wote tisa tuliokuwa kikaoni tuhojiwe pamoja naye, kuanzia mwenye cheo kikubwa. Hatua zozote zitakazochukuliwa zilingane na nafasi ya kila mmoja. Mimi nianze kama mnataka.

(b) Mafaili yote yaliyorudishwa tangu kanuni ile ilipopita yatolewe stoo na kukaguliwa na mtu asiye wa kampuni. Yanayostahili yalipwe, pamoja na fidia ya kucheleweshwa, na wateja watafutwe. Tusiwasubiri waje, tunajua kwamba hawaji, ndiyo ilikuwa hesabu yetu.

(c) Mihtasari ya vikao iandike nani alipendekeza, nani alipinga, na nani aliulizwa akakaa kimya.

(d) Ubao wa wiki uondolewe. Huu nimekwisha kuubandua, naomba msiurudishe.

(e) Fomu ya maadili iwe na upande wa pili, wenye saini ya Mwenyekiti, unaosema kampuni itamfanyia nini mfanyakazi anayekataa kutenda lisilo haki.

Naomba majibu ndani ya siku 30. Ndizo tunazowapa wateja kuleta nyaraka pungufu, na tumekuwa tukisema zinatosha.

Naambatanisha fomu yangu ya maadili ya mwaka huu, ambayo idara ya utumishi imenirudishia kwa maelezo kwamba haikujazwa ipasavyo. Saini ni yangu na tarehe ni sahihi. Wanachokataa ni maneno niliyoongeza kwa kalamu baada ya "Mimi binafsi ninawajibika": "pamoja na wenzangu wanane tuliokuwa chumbani, ambao majina yao ninayo."

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Kitengo cha Madai

Nakala: Wafanyakazi wote